Watu wa Uani: Historia ya Daftari la Shughuli la PostgreSQL

Machi 2017, Robert Haas, mmoja wa wasanidi wakuu wa hifadhidata ya PostgreSQL, aliingiza katika msimbo wake badiliko lililoandikwa na Kuntal Ghosh na kupitiwa na wenzao kadhaa, akiwamo Michael Paquier. Halikuongeza kasi wala halikuleta amri mpya ya SQL. Lilisema tu kwamba kuanzia sasa michakato mingi zaidi itaonekana katika pg_stat_activity, ule mwonekano ambao wasimamizi huufungua wanapotaka kujua nani anafanya nini ndani ya seva.

Toleo la 10 lilipotoka tarehe 5 Oktoba mwaka huo, tofauti ilionekana siku ya kwanza. Msimamizi aliyeingia kwenye seva mpya isiyo na mteja hata mmoja, akauliza nani yuko kazini, alijibiwa kwa mistari sita. Mmoja ulikuwa wake mwenyewe. Mitano iliyobaki ilikuwa ya majina ambayo hakuyaunganisha yeye: checkpointer, background writer, walwriter, autovacuum launcher na msimamizi mmoja wa unakilishaji aliyezaliwa na toleo hilohilo. Katika toleo la 9.6 swali lile lile lingemletea mstari mmoja tu, ingawa wanne kati ya hao watano walikuwa humo wakifanya kazi kwa miaka.

Waswahili husema shughuli ni watu. Lakini kwenye shughuli yoyote watu huwa makundi mawili. Wapo walioketi ukumbini, ambao majina yao yameandikwa kwenye kadi na viti vyao vimehesabiwa. Wapo pia walioko uani tangu alfajiri, wakichagua mchele na kuchochea kuni chini ya masufuria ya pilau, ambao hakuna aliyewaandikia kadi. Jina pg_stat_activity maana yake ni takwimu za shughuli, na kwa miaka 15 daftari hilo liliandika karibu wa ukumbini peke yao. Sababu inaanzia Berkeley, California, miaka 30 na zaidi nyuma.

Mradi wa POSTGRES ulianza mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, chini ya Profesa Michael Stonebraker, aliyekwisha kujenga hifadhidata ya Ingres muongo uliotangulia. Jina lenyewe lilikuwa tangazo: hiki ndicho kinachokuja baada ya Ingres. Timu yake iliamua kwamba kila mtumiaji anayeunganishwa apewe mchakato wake kamili wa mfumo wa uendeshaji. Mchakato mama, walioupa jina la postmaster, ungekaa mlangoni, na kila mgeni akibisha ungejigawa na kumzalia mhudumu wake. Mgeni akiondoka, mhudumu anakufa. Stonebraker na wenzake walikiri katika makala yao ya mwaka 1990 kwamba walichagua njia hiyo ili mfumo uanze kufanya kazi upesi. Njia ya mkato ikageuka kuwa msingi, na hadi leo PostgreSQL inafanya hivyo hivyo.

Uamuzi wa pili wa Berkeley ndio uliohitaji watu wa uani. POSTGRES haikufuta data ya zamani papo hapo. Ukibadilisha mstari wa jedwali, iliandika mstari mpya na kuuacha ule wa zamani mahali pake, ili mtu aweze kurudi nyuma na kuona jedwali lilivyokuwa jana au mwaka jana. Ili takataka zisijae, wasanidi walibuni mchakato wa pembeni wa kufagia, wakauita vacuum, kwa jina la mashine ya kufyonza vumbi. Huyo angepita polepole akihamisha mistari mikuukuu kwenda kwenye hifadhi ya kudumu. Uwezo wa kurudi nyuma uliondolewa miaka ya 1990, lakini mistari mikuukuu iliendelea kubaki mezani, na kwa muda mrefu kazi ya kuifagia waliachiwa binadamu.

Michakato ya namna hii, inayofanya kazi bila kutumwa na mtu aliye mbele ya kioo, ilikwisha kupata jina la kishetani. Mwaka 1963, katika Project MAC ya chuo cha MIT, timu ya Fernando Corbató iliiita daemon, ikimkumbuka kiumbe wa kufikirika wa mwanafizikia James Clerk Maxwell anayechambua molekuli usiku na mchana bila kuchoka. Mswahili angesema majini ya kutumwa, tena ya kazi njema. Sifa yao kuu ni kwamba hawaonekani, na hifadhidata zilizokuja baadaye ziliirithi sifa hiyo.

Mwaka 1994 Berkeley ilitoa toleo lake la mwisho, 4.2. Wanafunzi wawili, Andrew Yu na Jolly Chen, waliuchukua msimbo, wakauwekea lugha ya SQL na kuuita Postgres95. Mwaka 1996 watu wa kujitolea kutoka nchi mbalimbali waliupokea na kuupa jina la PostgreSQL, na Januari 1997 likatoka toleo la 6.0, namba iliyoendeleza hesabu ya Berkeley.

Katika miaka hiyo, aliyetaka kujua seva inafanya nini alitoka nje ya hifadhidata kabisa. Alifungua Unix, akaandika ps, na mfumo wa uendeshaji ukamworodheshea michakato. Wasanidi waligundua kwamba mhudumu anaweza kubadilisha jina lake kwenye orodha hiyo, hivyo kila mmoja alijitangaza: jina la mtumiaji, hifadhidata, anwani ya mteja, kisha neno moja la amri anayotekeleza, au tangazo kwamba amekaa tu. Ilikuwa njia ya werevu, yenye kasoro mbili. Kwanza, ilimhitaji mtu awe na akaunti kwenye mashine yenyewe. Pili, majibu yake yalikuwa maandishi matupu, si jedwali unaloweza kulichuja kwa SQL.

Toleo la 7.2, Februari 2002, lilileta jibu. Msanidi Jan Wieck alikuwa ameandika mfumo mpya wa takwimu: kila mhudumu alituma habari zake kwa vifurushi vya UDP, na mchakato mmoja maalumu, mkusanyaji wa takwimu, ulivipokea, ukavijumlisha na kuviandika kwenye faili. Juu ya mfumo huo ukawekwa mwonekano wa pg_stat_activity. Ulikuwa na mstari kwa kila muunganisho, pamoja na hifadhidata, namba ya mchakato, jina la mtumiaji na swali la SQL linaloendelea. Habari zilichelewa kidogo, kwa kuwa zilipitia kwa mkusanyaji kwanza, na kuonyesha maswali kulikuwa na gharama kiasi kwamba sehemu hiyo ilizimwa hadi mtu aiwashe. Toleo la 8.2, mwaka 2006, liliondoa tatizo hilo kwa kuweka habari za kila mhudumu moja kwa moja kwenye kumbukumbu ya pamoja, mahali ambapo michakato yote inasoma na kuandika. Tangu hapo sehemu hiyo huwashwa tangu mwanzo.

Ndani ya ramani ya mwonekano huo ndimo palipokuwa na mlango uliowafungia watu wa uani nje. Kumbukumbu ya pamoja ilikuwa na viti kadiri ya idadi ya wahudumu wanaoruhusiwa, na mtumishi wa ndani asiye na namba ya uhudumu hakuwa na kiti. Hata aliyepata kiti angeweza kutupwa nje na swali lenyewe la mwonekano, kwa sababu lilioanisha kila mstari na jedwali la hifadhidata na jedwali la watumiaji. Asiye na hifadhidata, au asiye na jina la mtumiaji, hakupata wa kuoanishwa naye, akaanguka kimya kimya.

Mwaka 2002 hilo halikumuumiza mtu. Uani palikuwa karibu patupu.

Pakaanza kujaa. Januari 2005 toleo la 8.0 lilimleta background writer, kazi nyingine ya Jan Wieck. Kabla yake, mhudumu aliyehitaji nafasi kwenye kumbukumbu alilazimika kusimamisha swali la mteja ili aandike kwanza ukurasa uliochafuka kwenye diski. Sasa alikuwepo mtumishi wa kupita mbele akiandika kidogo kidogo. Toleo la 8.3, Februari 2008, lilimwongeza walwriter wa kusukuma kumbukumbu za miamala. Toleo la 9.0, Septemba 2010, lilileta wapelekaji na wapokeaji wa mkondo wa data kati ya seva kuu na seva nakala. Mwaka 2012, katika toleo la 9.2, msanidi Simon Riggs alimtenga checkpointer, mwenye zamu ya kumwaga kurasa zilizochafuka kwenye diski, na background writer, kwa sababu mtu mmoja alikuwa akifanya kazi mbili na moja ikiichelewesha nyingine.

Mtumishi aliyegusa maisha ya wasimamizi wengi kuliko wote ni mfagizi. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000 amri ya VACUUM ilipangiwa saa za usiku, tena kabla ya 7.2 ilifunga jedwali zima hadi imalize. Aliyesahau kuipanga alilipa. Namba za miamala katika PostgreSQL zina biti 32, zinazunguka kama saa ya ukutani, na miamala ya zamani isipopigwa muhuri kabla mzunguko haujafika kama bilioni mbili, seva inakataa kuandika ili isiharibu data. Toleo la 7.4, mwaka 2003, lilikuja na programu ya pembeni ya kufagia yenyewe, yaani autovacuum. Toleo la 8.1, Novemba 2005, liliiingiza ndani ya seva kwa kazi ya Álvaro Herrera, na 8.3 likaiwasha kwa kila mtu, ikiwa na kiongozi mmoja na vibarua kadhaa. Idadi ya vibarua tangu kiwandani ni watatu.

Hata hivyo hatari haikuisha. Julai 2015 huduma ya Sentry, inayofuatilia hitilafu za programu, ilisimama kwa sehemu kubwa ya siku kwa sababu ufagiaji ulizidiwa na kasi ya uandishi. Februari 2019 yale yale yaliwakuta Mandrill, huduma ya barua pepe ya Mailchimp. Kibarua wa autovacuum alikuwa akionekana kwenye pg_stat_activity tangu zamani, kwa kuwa huunganishwa na hifadhidata anayoifagia. Kiongozi wake, anayeamua nani aende wapi na lini, hakuwa na hifadhidata. Kwa hiyo daftari lilimwonyesha mtu mwenye fagio likamficha anayempangia zamu.

Kufikia katikati ya muongo wa 2010 hata wageni walianza kuleta wapishi wao. Toleo la 9.3, mwaka 2013, liliruhusu viendelezi kusajili watumishi wao wenyewe ndani ya seva, na 9.4 likaruhusu waajiriwe na kuachishwa seva ikiwa inaendelea na kazi. Septemba 2016 toleo la 9.6 lilitumia njia hiyo kugawa swali moja kubwa kwa vibarua kadhaa wanaosoma jedwali kwa pamoja.

Toleo hilo la 9.6 ndilo lililofanya kimya cha uani kisivumilike. Liliondoa safu ya zamani iliyojibu tu ndiyo au hapana kama mhudumu anasubiri, likaweka safu mbili zinazotaja aina ya kinachosubiriwa na jina lake. Kwa mara ya kwanza mtu aliweza kuliuliza daftari lenyewe: huyu amekwama kwenye nini hasa? Lakini mara nyingi chanzo cha foleni hakikuwa ukumbini. Wateja wangeweza kupangwa mstari wakisubiri diski huku checkpointer akimwaga maelfu ya kurasa kwenye diski hiyo hiyo. Ulikuwapo mwonekano wa pg_stat_bgwriter tangu 8.3, ila ulitoa jumla ya kazi iliyokwisha kufanyika. Haukusema mtumishi yuko wapi dakika hii.

Hifadhidata nyingine zilikuwa zimekwisha kulifikiria jambo hili. Katika Oracle, mwonekano wa V$SESSION una safu ya TYPE inayotenganisha USER na BACKGROUND, hivyo watumishi wake wa ndani, kama PMON na SMON, wanaorodheshwa pamoja na wateja. SQL Server ya Microsoft huweka alama kwenye kila kikao kusema kama ni cha mtumiaji au cha mfumo, na wasimamizi wake wakongwe walizoea kuruka namba za vikao zisizozidi 50. MySQL nayo ina jedwali la nyuzi ndani ya performance_schema, lenye safu inayosema kama uzi uko mbele au nyuma.

Basi wasanidi wa PostgreSQL walipoanza kazi, swali halikuwa kama watumishi waonekane. Walibishana waonekane wapi. Upande mmoja ulitaka mwonekano mpya wa peke yake, ili orodha ya wateja isichafuliwe na majina ambayo wengi hawakuyaomba. Upande wa pili ulitaka daftari moja, lenye safu ya kuwatofautisha, asiyewahitaji awachuje mwenyewe. Upande wa pili ulipata wafuasi wengi zaidi. Ghosh aliongeza viti kwenye kumbukumbu ya pamoja kwa ajili ya watumishi wa ndani, muunganiko ulioangusha wasio na hifadhidata ukalegezwa ili wabaki na nafasi tupu, na safu mpya ya backend_type ikataja kazi ya kila mmoja. Mteja wa kawaida naye akapata jina la cheo: client backend.

Wale waliohofia kuchafuliwa kwa orodha hawakuhofia bure. Hati nyingi za ufuatiliaji zilihesabu mistari ya pg_stat_activity na kuilinganisha na kikomo cha miunganisho, ambacho kwa kawaida ni 100. Baada ya kuhamia toleo la 10, hesabu ilipanda bila mteja hata mmoja kuongezeka, na programu zilizodhani kila mstari una jina la hifadhidata zilikutana na nafasi tupu. Dawa ilikuwa sharti moja la WHERE. Wazoefu walikwisha kupitia shida kubwa kuliko hiyo mwaka 2012, pale 9.2 ilipobadilisha jina la safu ya procpid kuwa pid na current_query kuwa query, ikavunja zana nyingi kwa siku moja.

Faida ilikuwa kubwa kwa wanaoendesha mifumo mizito. Mfano ulio karibu ni DHIS2, mfumo wa taarifa za afya unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, ambao Kenya iliusambaza nchi nzima mwaka 2011 na ambao unatumika pia Tanzania, Uganda na Rwanda. Data yake hukaa ndani ya PostgreSQL, na ripoti zake hutegemea majedwali makubwa ya uchambuzi ambayo hujengwa upya mara kwa mara, aghalabu usiku. Kazi kama hiyo huandika mno. Ikichelewa hadi asubuhi, msimamizi anahitaji kujua kama swali lenyewe ni zito, au checkpointer na vibarua wa kufagia wanagombania diski moja nalo. Tangu toleo la 10 anaona pande zote mbili kwa swali moja, bila ruhusa ya kuingia kwenye mashine yenyewe.

Hata uvivu wa watumishi ukapata majina. Katika toleo la 10, seva ikitulia, background writer aliandikwa BgWriterHibernate, yaani amelala usingizi mrefu hadi kazi irudi, na checkpointer alisomeka CheckpointerMain, akisubiri zamu yake ijayo.

Kuonekana kulileta pia swali la nani anaweza kuwagusa. Aliye na namba ya mchakato anaweza kujaribu kuusimamisha, na tangu 9.6 kuna wadhifa wa pg_signal_backend unaompa mtu wa kawaida uwezo wa kukatisha vikao vya wengine, isipokuwa vya mkuu wa mfumo. Novemba 2023 yalitolewa marekebisho ya usalama baada ya kugundulika kwamba wadhifa huo uliweza kuwapiga ishara baadhi ya watumishi wa ndani, akiwamo kiongozi wa autovacuum. Ulinzi ulimkinga mkuu aliyeketi ukumbini, ukamsahau mtumishi anayefanya kazi kwa mamlaka yake.

Daftari halikujazwa kwa mkupuo mmoja. Toleo la 11 liliwapa watumishi wa viendelezi uwezo wa kujitaja kwa kazi yao, badala ya wote kuitwa kwa jina moja la jumla. Mtunza kumbukumbu za miamala, archiver, alingoja hadi toleo la 14, mwaka 2021, kwa sababu kabla ya hapo hakuunganishwa na kumbukumbu ya pamoja. Toleo la 17 liliwaongeza wengine wawili. Septemba 2025 toleo la 18 lilileta watumishi wa kusoma diski kwa niaba ya wengine, watatu tangu kiwandani, na waliandikwa daftarini siku ile ile walipoajiriwa.

Mmoja hakuandikwa kamwe. Yule mkusanyaji wa takwimu wa mwaka 2002, aliyepokea vifurushi vya kila mhudumu, naye alikaa nje ya kumbukumbu ya pamoja. Toleo la 10 lilimruka. Toleo la 15, Oktoba 2022, lilimstaafisha kabisa: kazi ya Kyotaro Horiguchi, Andres Freund na Melanie Plageman ilihamishia takwimu zote kwenye kumbukumbu ya pamoja, na hakuna aliyehitajika tena kuzipokea. Alihesabu wenzake kwa miaka 20 bila jina lake kuwamo kwenye mwonekano aliozaliwa nao.

Leo wamebaki wawili. Mwandishi wa logi huwekwa mbali na kumbukumbu ya pamoja kwa makusudi, ili kumbukumbu hiyo ikiharibika yeye aendelee kuandika kilichotokea. Wa pili ni postmaster. Yeye huigusa kwa uchache kadiri inavyowezekana, kwa sababu mhudumu mmoja akianguka vibaya, yeye ndiye anayewafukuza wengine wote, kuisafisha kumbukumbu na kuianzisha seva upya. Huyo mlinda mlango wa Berkeley ndiye mama wa kila mchakato ulioorodheshwa, na mstari wake haumo. Anayemtaka bado anafungua Unix na kuandika ps.